Kitambaa cha Kumwaga Mhandisi

Leo Kasulu tumemmwaga mhandisi wa majitaka, na ukumbi mzima ni shahidi.

Ngoja nieleze.

Mhandisi Kagoma anastaafu. Mitaro ya majitaka ya hapa na Kibondo, hadi ile ya kambi ya wakimbizi, imepita mikononi mwake. Hana mzaha. Mtaro ukipinda kidogo, unafukuliwa upya.

Kitambaa cha ukumbini alikiandika Mama Zuhura, fundi cherehani, kwa herufi nyekundu: KARIBUNI TUMWAGE MHANDISI WETU WA MAJITAKA.

Alikusudia "tumuage", yaani tumpe kwaheri.

Hakuna aliyeona kosa mpaka Kagoma alipofika mlangoni, akasimama, akasoma. Akasoma tena.

Kaseti ya muziki ikazimwa. Mwenyekiti wa sherehe akanong'ona, "Kishusheni haraka." (Semeni kweli, nyie mngekishusha?)

Mama Zuhura alishika kichwa. "Yoo, nimemtukana mzee wa watu."

"Nani kaandika?" Kagoma akauliza.

Mama Zuhura akainua mkono, macho chini.

"Mama, miaka yote nahangaika majitaka yasimwagwe ovyo. Leo mnanimwaga mimi?"

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nimwageni tu. Ila msinimwage mtoni."

Jamani, watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mimi niliyezoea kuripoti kila kitu, kalamu ilinidondoka.

Pilau ilipoisha, Mama Zuhura akapanda kiti akitoe kitambaa, aende kukirekebisha.

"Usikiguse," Kagoma akamwambia. "Hicho nakitundika sebuleni kwangu."