Sindano ya Maji Niliyomchoma Dume wa Mama Kabula

Wajukuu zangu wananijua kama babu mganga wa ng'ombe, nami nawaacha waamini hivyo, lakini aibu niliyoipata kijijini Ziba nikiwa mwanafunzi sijawahi kuwasimulia, na leo naisema kwa mdomo wangu kabla mwingine hajaisema kwa kuipamba.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nasomea uganga msaidizi wa mifugo katika chuo cha wananchi. Mimi mtoto wa mjini, wa mtaa wa Chemchem, baba fundi cherehani, na ng'ombe nilimjua zaidi akiwa ananing'inia buchani, ila nilikuwa nimemaliza sekondari, basi kichwa kilikuwa kikubwa. Mwalimu wetu, Bwana Kitwana, akatupeleka Ziba kuhasi madume ili kijiji kipate maksai wa kulima shamba la pamoja. Alituonya jambo moja tu: kule watu huwekeana ng'ombe, zizi la huyu lina mifugo ya yule, kwa hiyo usimguse dume mpaka mwenye mali amshike mgongo mbele yako na kusema ndiyo. Kisha akaniacha kwenye zizi la Mzee Masanja, yeye akaenda kwa wenzangu zizi la pili.

Vijana wa pale walikuwa wananiita daktari tangu asubuhi (sikuwasahihisha). Wakamwangusha dume mweusi, mkubwa, wakasema, "Haya daktari, huyu hapa!" Masanja alikuwa upande wa pili akikata kamba, hatua ishirini hivi, lakini nikaona nikimwita nitaonekana sijui kazi. Nikabana koleo la kuhasi upande huu, nikabana upande ule, watu wakapiga makofi.

Masanja akaja mbio. "We kijana! Huyo si wangu! Ni wa Mama Kabula, kamweka tu kwangu!"

Mama Kabula alikuwa mjane, naye alikuwa palepale kati ya watazamaji. Dume yule ndiye ng'ombe pekee aliyebaki naye, na kaka yake wa kijiji cha Choma alikuwa amekubali kumchukua awe dume wa mbegu, ampe dada yake mtamba mwenye mimba, wajukuu wapate maziwa. Masanja, mtu muungwana, akamwambia, "Dada, kosa limetokea zizini kwangu. Chukua dume wangu mdogo yule mwekundu, umpelekee kaka yako."

Ningenyamaza hapo, yangekwisha. Lakini watu walishaanza kucheka, na mmoja akapaza sauti, "Daktari, ukimaliza hao usitugeukie sisi!" Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Msiwe na wasiwasi, ipo sindano ya kurudisha."

Sindano hiyo haipo duniani. Nilivuta maji kwa bomba la sindano, yale safi ya kuyeyushia dawa, nikamchoma dume shingoni.

"Kweli atarudi, mwanangu?" Mama Kabula akaniuliza.

"Wiki mbili tu, mama."

Akamgeukia Masanja. "Basi kaa na mwekundu wako, kaka. Siwezi kukunyang'anya bure."

Masanja alikuwa ameahidi kijiji maksai mmoja zaidi, basi akamleta yule mwekundu, akamshika mgongo, akasema ndiyo. Nami nikamhasi. (Ndiyo, nilimhasi.)

Alasiri Bwana Kitwana aliporudi alikuta wazee kadhaa wamesimama nje ya zizi wananisubiri. Mmoja mwenye mkongojo akamuuliza, "Mwalimu, hii sindano ya kurudisha, na sisi tunachomwa shingoni, au ina mahali pake?" Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Mwalimu hakucheka; alinigeukia.

"Waambie uliweka nini kwenye bomba."

"Maji."

"Sauti!"

"Maji, mwalimu."

Kicheko kikakatika. Mama Kabula alikuwa akimpangusa dume vumbi. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwanangu, mbona uliniacha nikamkataa mwekundu?"

Kesho yake mwalimu akanipeleka Choma pamoja na Mama Kabula, nikaeleze mwenyewe. Kaka yake aliitikia shikamoo yangu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, maksai ninao wanne. Nilitaka dume." Tukarudi bila mtamba.

Niliapa siku ile kwamba sitamchoma mnyama kabla mwenye mali hajajua kilichomo kwenye bomba, na hilo nililitimiza mpaka nastaafu. Ila nilipoajiriwa nikapangiwa Ziba, niliomba nihamishwe, nikasingizia kifua na vumbi. Mama Kabula alikuwa hai bado. Miaka ikapita, na nilipopata moyo wa kuuliza habari zake, nikaambiwa walishamzika.