Baba Aliyebaki Kifuani

Mwalimu wa saikolojia katika chuo kimoja cha ualimu hapa Bariadi, rafiki yangu wa chai, amefariki dunia, na juzi tumemzika kwao Sapiwi. Hospitali walisema sukari ilishuka kupita kiasi. Sibishani na madaktari. Lakini nilimjua miaka mingi, na nimerudi kutoka mazikoni na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani, maana aliyemnyima chakula utotoni alishakufa zamani.

Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nene ya mtu aliyekulia machungani. Alifundisha nadharia ya wachambuzi wa nafsi, ile inayoeleza jinsi haiba na dhamiri ya mtu vinavyojengwa utotoni, na aliifundisha kwa mifano ya nyumbani. Ndani ya kila mmoja wenu kuna boma, aliwaambia wanachuo. Kuna ng'ombe, yaani matamanio tuliyozaliwa nayo. Wanaijua njaa tu, hawajui shamba ni la nani. Kuna mchungaji, yaani akili inayokua taratibu, anayehangaika kuwatafutia malisho pasipo na ugomvi. Na kuna baba aliyeketi shikome, kwenye ule moto wa uani ambapo wanaume wa Kisukuma hula jioni na watoto wa kiume hufundwa. Huyo wa tatu ndiye dhamiri. Mtoto mdogo, alisema, haogopi kosa lenyewe, anaogopa baba ataacha kumpenda. Akikua anambeba baba huyo kifuani, na tangu hapo hahitaji kuonwa na mtu ili aadhibiwe. Wanachuo walicheka sana kwenye habari za ng'ombe. Naambiwa yeye pia alicheka.

Siku moja tulikuwa kwenye mgahawa karibu na stendi, ugali na sato vikaletwa. Alinawa, akatazama chakula, kisha akasogeza sahani yake upande wangu. "Kula tu, kaka. Mimi leo nimeshakula." Nikamtania kwamba shemeji amemlisha kupita kiasi asubuhi. Hakucheka. Kumbe asubuhi ile alimfokea mwanachuo mmoja mbele ya wenzake, baadaye akagundua kwamba alimwonea. Alikuwa ameshamwita na kumwomba radhi, na yule binti ameshasamehe. "Sasa si yameisha?" nikamuuliza. Akasema, "Kwake yameisha." Ndipo aliponisimulia kwamba utotoni ng'ombe walimponyoka wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Jioni, chakula kilipoletwa shikome, baba yake hakumchapa wala hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wameshakula. Na wewe umeshakula." Mtoto akakaa palepale kwenye duara, mikono mapajani, akiwatazama kaka zake wakimega ugali. "Angenichapa ningelia nikalala," aliniambia. "Yule mzee tulishamzika, kaka, lakini kila nikikosea ananiondolea sahani."

Nilimwuliza, kwa ujinga wa mtu asiyesomea mambo hayo, kwa nini yeye mwenye nadharia yake hamfukuzi huyo mzee. "Najua anapokaa," alijibu. "Kumtoa ndiko sijui." Halafu akanieleza jambo lililonikaa vibaya hadi leo. Wachambuzi wa nafsi, alisema, wanaona kwamba mtoto haigi tu tabia ya mzazi wake. Anamchukua hakimu aliyemo ndani ya mzazi, ambaye naye alitoka kwa babu. Na hakimu huyo huwabana zaidi wale wanaojitahidi kuwa wema. Nimelifikiria hilo kila msimu wa pamba nikiwaona watu wanaomwagia marobota maji ili yazidi uzito. Wanalala fofofo na kuamka wakiimba, wakati mtu aliyemfokea mwanafunzi mara moja anashinda na njaa. Kama hii ndiyo dhamiri, basi imegawiwa hovyo sana.

Miaka ya mwisho alipata kisukari, akawa anajidunga sindano kila asubuhi. Sindano ile ukishachoma lazima ule, sukari isije ikashuka mno, na yeye alilijua hilo vizuri. Yaliyotokea siku ya mwisho nilisimuliwa na mkewe pale msibani. Alikuwa ameshajidunga na ameketi kusubiri chai na viazi, jirani akaja kulalamika. Binti yao wa mwisho, aliye bado shule ya msingi, aliacha lango la banda wazi na mbuzi wakamaliza mchicha wa watu. Baba akamgeukia mtoto, na bila kupaza sauti akamwambia, "Mbuzi wameshakula. Na wewe umeshakula." Mkewe anasema palepale alishika mdomo kana kwamba umesemeshwa na mtu mwingine. Kisha akasukuma kikombe, akatoka kwenda chuoni. "Nilimkimbilia hadi barabarani, shemeji. Nikamwambia baba watoto, kula kwanza, utamwomba mtoto radhi baadaye. Akaniambia, mimi leo nimeshakula." Alianguka ofisini kabla ya kipindi chake cha kwanza.

Msibani wali ulipakuliwa, nyama ikatosha. Nilimwona yule binti ameketi karibu na ukuta wa jiko, mikono mapajani. Shangazi yake akampelekea sahani. "Mayu, kula mama, tangu juzi hujatia kitu mdomoni." Mtoto akatikisa kichwa. "Nimeshakula, shangazi." Shangazi akaenda zake akidhani amekula kweli. Mimi niliinuka, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia baba yako hakuwa amekukasirikia, ni yeye aliyejikasirikia. Alinisikiliza kwa adabu zote alizofundishwa, akaniitikia "ndiyo baba," na hakugusa chakula. Nimelia njia nzima kutoka Sapiwi hadi mjini, na silioni la kufanya.

Ninalo jambo moja tu la kuwaambia ninyi mnaolea, nami nalisema bila uhakika kama bado linasaidia. Mkanye mwanao akikosa, lakini kabla siku haijaisha mwite kwa jina lake aje ale, na umwone akila. Rafiki yangu hakuitwa na baba yake, akaja kuondoka asubuhi ile kabla hajamwita mwanawe. Sisi wengine tumemwita yule mtoto, na anatujibu kwamba ameshakula.