Nilivyowakimbiza Watu wa Ihumwa Kutafuta Ng'ombe Wasioibwa

Nilimwahidi shangazi yangu, Bi. Zuhura, tukiwa jikoni kwake Makole, kwamba sitamtaka ale kidogo kabla mimi sijala kidogo, wala sitamtaka atoke jasho kabla langu halijanitoka. Na ahadi hiyo, ndugu zangu, niliitimiza kwa namna ambayo hadi leo nikipita Ihumwa huvuta kofia machoni kama mwizi wa kuku.

Daktari alikuwa amemwambia shangazi kwamba presha imepanda na mwili sharti upungue. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya lishe, nikiamini kwa dhati kwamba hakuna tatizo la taifa hili lisilotibika kwa mchoro mzuri uliobandikwa ukutani. Basi nikamchorea. Nikamweleza kwamba kinachoingia mdomoni kiwe pungufu kidogo kuliko kinachotumiwa na mwili, na upungufu huo uende polepole, wiki baada ya wiki, bila njaa na bila pupa. (Maneno hayo yalikuwa sahihi. Nasisitiza, kwa sababu katika mkasa huu wote ndiyo kitu pekee nilichokifanya sawasawa.) Shangazi alinisikiliza huku akigeuza chapati.

"Iddi mwanangu," akasema, "miaka ile ya foleni za unga na mafuta tulikonda wote bila chuo. Leo mafuta yamejaa hadi kwenye vibanda vya uchochoroni, ndipo unakuja kunikataza?"

Kisha akalitazama tumbo langu, ambalo kwa kweli alikuwa amelijenga yeye mwenyewe kwa mikono yake, chapati baada ya chapati. "Anza wewe. Ukipungua, nakufuata." Tukakubaliana kwamba Jumatatu ya wiki ya nne tutapanda mizani ya zahanati pamoja.

Nikaenda mnadani nikajichagulia kwenye mitumba bukta, raba zilizonizidi kidogo, na saa ya mkononi yenye kuhesabu sekunde, kwani msomi hakimbii hivi hivi. Kwa wiki tatu nilizunguka mitaa ya Makole kila asubuhi, nikichoma mwilini labda nusu chapati, kisha nikirudi nyumbani kujituza nne, maana jasho nililiona ni cheti. Ilipofika Jumamosi ya mwisho bukta ilikuwa imenibana kuliko siku niliyoinunua. Hapo mwalimu wa polepole-bila-pupa akaamua kumaliza kazi ya wiki tatu kwa asubuhi moja: sikula chakula cha jioni, sikunywa chai, na alfajiri ya Jumapili nikaomba lifti ya lori hadi karibu na kijiji cha Ihumwa, nje ya mji, nipate kukimbia mahali nisipojulikana. Na njiani nikafanya uamuzi mwingine, mdogo kabisa, ambao ndio ulioniponza. Niliamua nisisimame kumsalimia mtu, kwa kuwa kitabu changu cha chuo kilisema mapigo ya moyo yasiachwe yakashuka.

Katika nyanda zetu hizi salamu si pambo. Unaulizwa nyumba, unaulizwa watoto, unaulizwa mifugo na mvua, nawe unajibu kimoja kimoja. Anayempita mzee bila salamu ana habari nzito isiyoweza kungoja. Nilijua hayo tangu utotoni, lakini chuo kilikuwa kimenifundisha mapigo ya moyo.

Mzee mmoja, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Ndahani, alikuwa amesimama penye zizi lake. "Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, kwa sauti ya mtu mwenye nafasi ya kusikiliza. Mimi nikamwonyesha saa yangu, nikanyoosha kidole mbele nilikokuwa ninaelekea, nikapita. Sikujua kwamba wiki ile ng'ombe walikuwa wameibwa kijiji cha jirani. Mzee akajumlisha: mgeni, alfajiri, mbio, hana hata pumzi ya kusalimia, tena anaonyesha upande. Akapiga yowe.

Niligeuka nikaona wanaume wakitoka nyumba hii na ile na fimbo na mikuki, wote wakija upande wangu. Wao waliamini ninawapeleka kwa wezi. Mimi niliamini mwizi ni mimi, na ninajua, kama kila mtu anavyojua, kundi humfanya nini mwizi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze mazoezi, mwendo wangu ukalingana na ule wa kitabuni. Nilivyozidi kukaza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba wezi wamekaribia. "Mfuateni mwenye bukta," nikasikia mtu akisema nyuma yangu, nami nikaanza kutubu dhambi zangu kwa mafungu, nikianzia na za shule ya msingi.

Tumbo tupu halina siasa. Nguvu ziliniishia kwenye uwanja wa kanisa, watu wakiwa ndiyo wanaingia ibadani, nikaanguka kifudifudi mbele ya kwaya iliyojipanga mlangoni, raba moja ikinitangulia hadi miguuni kwa wenye sauti ya kwanza. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti.

"Wamepita wapi?" akaniuliza kijana mwenye mkuki, akihema.

"Nani?"

"Ng'ombe."

"Sijaona ng'ombe," nikasema, na kwa kuwa nilifundishwa kusema kweli, nikaongeza, "ninapunguza mwili."

Mzee Ndahani alifika wa mwisho akiegemea fimbo, akaomba jibu lile lirudiwe, kisha akaketi juu ya jiwe. "Unapunguza," akasema taratibu, "ili umpe nani?"

 Mvua za mwaka ule zilikuwa zimewapita, na mbele yangu walikuwa wamesimama watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kupunguza. Mama mmoja wa kwaya akaniletea maziwa ya mgando na ugali wa uwele uliobaki jana, nami (Mungu anisamehe) nikala mpaka nikakwangua chungu, huku wale niliowatoa vitandani wakinitazama. Walipoona nimepata nguvu wakanipakia nyuma ya baiskeli ya mtu aliyekuwa anakwenda mjini. Mzee Ndahani akapanda ya pili, kwa kuwa, alisema, anataka kumwona aliyenilea. Tukaingia Makole mchana kweupe, mimi na bukta yangu.

Shangazi alimwamkia mzee, akasikiliza habari yote akiwa amesimama. Hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma.

"Basi hiyo mizani yenu sipandi," akasema. "Kama wewe msomi imekulaza kanisani, mimi itanizika."

Nikafungua mdomo kurudia ule mchoro, lakini nani angenisikiliza? Ni mzee, kikombe cha chai mkononi, aliyemuuliza shangazi huwa anakwendaje sokoni, kwenye meza anayouzia kanga. Kwa gari, akajibu.

"Nenda kwa miguu, mama. Anayekusalimia, simama umjibu yote. Ukimaliza kumjibu, umeshapumzika."

Kesho yake alikwenda kwa miguu. Chapati nne zikawa mbili, na mafuta akawa anapaka tu. Miezi imepita, muuguzi anasema presha inashuka na aendelee hivyo hivyo, na fundi ameshayapunguza magauni yake mara mbili. Mimi sikimbii tena, wala sitakimbia, labda kweli wachukuliwe ng'ombe. Ninatembea naye, ninasalimia.

Lakini siku hizi, mnajua, mtu akikonda ulimi wa jirani humzika kabla ya kaburi. Wiki iliyopita mwanamke mmoja sokoni alimletea shangazi kibuyu cha uji, akamshika mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini ile homa isiyotajwa jina imemwanza lini. Shangazi alirudi nyumbani kwa gari. Akawasha jiko, akakaanga chapati nne, akazila zote akiutazama ukuta. "Afadhali presha," akaniambia, "kuliko macho yale." Sina mchoro wa kumjibu hilo.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma. Ukikutana asubuhi na mama wa makamo anatembea polepole kutoka Makole kwenda sokoni, na kijana mnene pembeni yake, msalimie kwa kirefu. Muulize nyumba, muulize watoto, muulize mvua. Usimuulize anaumwa nini.