Moto Uliopanda Lori

Harufu ya njiti ya kiberiti siipendi, na sijawahi kuipenda. Juzi jiko letu la gesi liligoma kujiwasha, likabaki kutoa ule mlio wake wa ta-ta-ta bila moto, mjukuu wangu akachukua kiberiti akawasha njiti karibu kabisa na pua yangu. Nikamfukuza jikoni. Mtoto wa watu akanitazama kama bibi yake ameanza kurukwa na akili. Hapa Mukendo, mjini Musoma, majirani wananijua kwa maneno mengi: nina la kusema juu ya simu zinazomfanya mtu mzima acheke peke yake barabarani, juu ya mikate ya siku hizi ambayo unakula mzima na njaa iko palepale, juu ya televisheni inayowashwa wageni wakifika badala ya kuzimwa. Lakini habari ya kiberiti nimeinyamazia maisha yangu yote. Ninyi ndio wa kwanza kuisikia.

Kwetu kulikuwa upande wa vilima, ukitoka Butiama kuelekea Bunda, kwenye nyumba zilizokaa mbalimbali hivi kwamba ukimwita jirani ilibidi urudie mara tatu. Baba yangu alilima pamba na kufuga ng'ombe. Alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni mama aliyenizaa, ambaye wakati huo alikuwa ananyonyesha mdogo wangu Wambura. Wa pili alikuwa Nyabweke, tuliyemwita mama mdogo, msichana wa Bukima, mtoto wa wavuvi, aliyekuwa hajamaliza hata miaka miwili kwetu na alikuwa bado hajapata mtoto. Na juu yao wote alikuwapo Bibi, mama yake baba. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye mji, yaani boma lote, hata kama baba alijisemea mengine.

Baba alijihesabu mtu wa kisasa. Alikuwa na redio. Betri zake zikichoka alizianika juani juu ya jiwe, tukakatazwa kupita karibu, na jioni zilimpa taarifa ya habari nusu, nusu nyingine akaimalizia mwenyewe kwa sauti ya mtangazaji. Kwenye redio hiyo ndipo tulipoanza kusikia kwamba watu wahamie vijijini, wakae pamoja, wapate shule, maji na zahanati. Baba aliyarudia maneno hayo kwenye kila kilabu cha pombe. Bibi hakuyapinga, alilipinga lile sanduku lenyewe. Alisemaga kitu kinachoongea lakini hakisikii hakifai kuwekwa mahali pa wazee, maana mtabishana nacho vipi?

Sasa niwaeleze juu ya moto. Katika nyumba ya Bibi, katikati ya mafiga matatu, kulikuwa na moto alioukuta siku alipoolewa, na mama mkwe wake naye alikuwa ameukuta. Usiku ulifunikwa na majivu, alfajiri unafukuliwa na kupulizwa. Ukizimika kwa bahati mbaya, mtu anatumwa kwa ndugu aliyewahi kuuchukua kwetu, anarudi na kaa. Kiberiti tulikuwa nacho, cha sigara za baba na koroboi, lakini mafiga yale hakikuyagusa. "Moto wa kiberiti hauna baba," alisema Bibi, na kwake maneno hayo yalitosha. Ukoo ukihama, moto unahama nao. Unabebwa na binti wa nyumba ambaye bado hajavunja ungo, ndani ya kitako cha chungu kilichovunjika, makaa yakiwa yamelazwa juu ya samadi kavu na kufunikwa majivu. Anatembea nao kwa miguu, akichoka anakaa chini, anapuliza kidogo, anaendelea. Ukifika kwenye mafiga mapya ndipo watu wanapika na kulala.

Binti huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi, na siku ile Bibi aliponitaja mbele ya watu nilijiona nimekuwa mkubwa kuliko mama yangu.

Lori lilikuja asubuhi, na kabla jua halijapanda wanaume walikuwa wameshatoa milango, magunia, mitungi na kuku. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara kuu ya Bunda. Bibi alikataa kupanda gari. Alisema atatembea na ng'ombe pamoja na baba, hata wakilala njiani, na kwamba moto na mimi tutatembea naye. Hapo baba akacheka. Akasema serikali imetuletea lori, kwa nini mtoto achoshwe miguu kwa ajili ya majivu? Moto utafika kwa saa moja, tena ukiwa mzimamzima, haujawahi kusafiri vizuri hivyo tangu uzaliwe. Walivutana mpaka dereva akaanza kupiga honi. Bibi aliona watu wanatazama, akakubali. Aliyapanga makaa kwa mikono yake, akanipa kile kigae, akaniambia nisikiache hata nikiona nyoka.

Mama alikaa mbele na dereva kwa sababu ya Wambura. Mimi na mama mdogo tulipanda nyuma, juu ya magunia.

Jamani, lori! Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Upepo ulinipiga usoni, miti ilikuwa inakimbia, na moto wangu nao ulikuwa umefurahi. Upepo ulipeperusha majivu yote ya juu na makaa yakawa mekundu, mekundu sana, kiasi kwamba nilikiinua kigae juu nimwoneshe mama mdogo jinsi unavyonawiri. Moto wa kutembea nao unaupuliza wewe, kidogo kidogo. Wa kwenye lori unapulizwa na dunia nzima. Hilo hakuna mtu kwetu aliyelijua, hata Bibi, maana nani aliwahi kupandisha moto kwenye gari? Ulikula samadi, ukajila wenyewe, na kabla hatujaiona barabara kuu nilikuwa nimeshika kitako cha chungu chenye majivu meupe. Nilidhani umelala. Nikaingiza kidole. Ulikuwa wa baridi.

Nililia bila sauti, lakini mama mdogo aliniona. Tulipofika, watu wakiwa wanashusha mizigo, alinivuta ndani ya kibanda tulichoonyeshwa, akafungua fundo la kanga yake na kutoa kiberiti. Watu wa ziwani hawatoki bila kiberiti, sababu ya taa za kuvulia dagaa usiku. Aliwasha nyasi kavu, akaongeza vijiti, akakichochea kile kigae mpaka kikapata kaa.

"Nyamaza," aliniambia. "Moto ni moto, mwanangu. Ugali hauulizagi."

Kesho yake Bibi alifika, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Kabla hajaomba hata maji aliniuliza kama moto ulifika. Nikasema ulifika. Akaweka kiganja chake juu ya mafiga, akafumba macho, kisha akaniita mke mwenzangu, jina lake la kunitania alipopendezwa nami, na jioni akanimegea mnofu wake mwenyewe. Sikuweza kuumeza. Niliutoa mdomoni nikampa mbwa.

Kijiji kilikuwa cha mistari, nyumba zimepangwa kama wanafunzi kwenye paredi. Ng'ombe wa miji arobaini walichungwa mahali pamoja na kunywa kwenye lambo moja, nasi tulichota humo humo tukisubiri bomba lililosemwa. Kabla ya mvua kuisha walikufa ndama wetu watatu. Wakafuata wawili. Halafu Wambura akaanza kuharisha, siku ya kwanza, ya pili, ya nne, mpaka macho yakaingia ndani na akaacha kulia. Usiombe kumwona mtoto aliyeacha kulia.

Bibi alianza kukaa karibu na mafiga akiutazama moto. Alisema hauna joto lake. Siku moja, akitafuta chumvi kwa mama mdogo, aliona kiberiti kwenye fundo la kanga iliyotundikwa, na mchana huo huo akaita kikao uani: baba, baba mkubwa aliyekuwa amefika kumwona mgonjwa, mama akiwa na Wambura mapajani, na mama mdogo amekaa peke yake kwenye mkeka. Waliniita na mimi.

Walimuuliza mama mdogo kama alitia kiberiti kwenye moto wa nyumba. Mama mdogo akasema, "Aliyebeba moto yupo hapa. Muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Mimi nilikuwa namtazama Wambura. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja tu: nikisema moto uliniishia mikononi, basi ndama nimewaua mimi, na huyu naye namuua mimi. Nikasema, "Nilimwona mama mdogo na kiberiti. Aliwasha."

Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Nimeyapima maneno yale miaka mingi na sijaona la uongo.

Mama mdogo hakubisha. Alinitazama tu. Nilimgeukia baba, kwa maana nilijua mtu wa kisasa atacheka, atasema mambo ya kiberiti ni ya kizamani, watu waende wakafanye kazi. Baba aliinama, akaizima redio iliyokuwa inaongea kwa chini pembeni yake, akasema mama mdogo arudi kwao. Kisasa cha baba kiliishia kwenye betri. Kumbe mwanamume anaweza kubeba dunia nzima kwapani, na siku ya shida akamtafuta wa kumtupia, na anayepatikana ni yule ambaye hana mtoto wala ndugu karibu.

Asubuhi ya pili nilitumwa mimi kumsindikiza mpaka kwenye basi la Musoma. Nilibeba kifurushi chake kichwani. Njia ilikuwa fupi, lakini ilikula asubuhi nzima. Alitembea polepole. Alisimama kutoa mwiba ambao sikuuona. Alikaa kwenye jiwe, akaifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena. Mara mbili aliniuliza kama nimechoka. Basi lilipokuja alipokea kifurushi, akanitazama muda mrefu mpaka utingo akamkemea, akapanda. Nilirudi mbio.

Baba mkubwa alituletea kaa jipya kutoka kwenye moto wake, ambao ulitoka kwetu zamani, akalileta kwa miguu. Wiki hiyo hiyo Wambura akapona. Mmeona, watu wakasema. Kwamba mama alikuwa amemkimbiza zahanati kule Bunda, akapewa dawa na maji ya chumvi na sukari, hilo halikutajwa na yeyote, wala na mama mwenyewe. Na mimi niliyekuwa najua ukweli nilifurahi kama wengine, maana ndugu yangu alikuwa analia tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Yangu ilikuwa ndefu, imepita shule, imepita ndoa, imepita kuwazika Bibi na baba, na ndani yake nilijitengenezea hadithi ya kunilaza usingizi: kwamba mama mdogo alinipenda, akaubeba mzigo wangu kwa hiari kama alivyouficha siku ya lori. Nilimsifu moyoni. Nilimfanya kuwa mtakatifu, ili nisiwe na deni naye.

Baada ya kustaafu nilikwenda Bukima. Nilimkuta anageuza dagaa juu ya nyavu, mzee, mgongo umepinda, na alinitambua kabla sijasema jina. Nikasema yote niliyokuja nayo. Nikamshukuru kwa kunibebea. Aliendelea kugeuza dagaa mpaka nilipomaliza.

"Sikukubebea kitu, Wegesa," alisema. "Ningesema mimi, nani angeniamini? Nilikuwa nakungoja wewe. Ndiyo maana nilitembea polepole. Kila tuliposimama nikawa nasema, sasa atasema, turudi."

Akajifuta mikono, akaniuliza kama yule mtoto alipona. Miaka yote ile hakupata mtu wa kumpa habari hiyo. Nikamwambia alipona, yuko Bunda, ana watoto sita na tumbo kubwa. Akasema, "Afadhali," akaenda kunichemshia chai.

Kwa hiyo sasa najua yule mwendo ulikuwa wa nini. Nilipewa asubuhi nzima ya kusema neno moja, na mtu aliyepunguza hatua zake ili nilipate. Mara mbili aliniuliza kama nimechoka, na mara zote mbili nilimjibu kwamba kifurushi chake kinaniumiza shingo.