Kilomita za Mama Khayanga

Nililisikia kabla ya kuliona. Alfajiri yangu ya kwanza Kakamega, ukungu ukiwa bado umelalia mabati, kitu kilikohoa nyuma ya ua, kikanyamaza, kikakohoa tena kama mzee anayetafuta sauti ya kuanzia sala. Ndipo Peugeot nyeupe ikachomoza pua. Kwa ajili ya gari hilo nilikuwa nimetoka Nairobi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mhadhiri mmoja alikuwa amesikia kwamba nyumba tano za mtaa mmoja Kakamega zilinunua gari moja na kulitumia kwa pamoja. Alitaka kujua mji unafaidi nini: magari mangapi yamepungua barabarani, kilomita ngapi haziendwi tena. Mimi nilikuwa na riwaya isiyokwisha na kiu ya kuona watu. Akanipa karatasi zenye safu, nikapanda basi.

Nakuru tulikunywa chai. Eldoret mvua ilitukuta. Malava wanawake walitupandishia mahindi ya kuchoma madirishani, nikala nikaandika kwamba nchi hii ni karimu. Hapo sikukosea. Kosa lilikuja baadaye.

Jioni nilifika kwa Mama Khayanga, fundi wa kushona, aliyetunza ufunguo wa gari. Ulining'inia msumarini nyuma ya mlango wake. Mumewe, Mzee Andayi, alikuwa amelala chumba cha ndani, mguu umefungwa bendeji kwa kidonda kisichopona. Mama aliniwekea obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwao, akaniuliza hali ya mama yangu kana kwamba wanajuana.

"Zamu mnapangaje?" nikauliza.

"Hatupangi. Mwenye shida anakuja, anachukua ufunguo."

"Na wakija wawili?"

"Wanaulizana nani ana shida kubwa. Kwani kwenu, mwanangu, shida hupiga foleni?"

Nilipangiwa kulala kwa Mwalimu Wekesa, nyumba ya tatu kutoka pale. Mama akajitanda leso, akanisindikiza hadi langoni kwa mwalimu. "Mgeni haachwi mlangoni," alisema.

Asubuhi nilifunga daftari kwa kamba karibu na usukani. Kila mtu aandike jina, kilomita, na idadi ya abiria. Safu ya sababu haikuwepo, na mimi sikuona pengo.

Kwa wiki tatu nilihesabu magari pale sokoni, siku nyingine nikasafiri na wenye gari. Ijumaa moja Hamisi, muuza viatu, alinichukua hadi Ekero kumwona mamake. Tulirudi tukitafuna miwa. Kila Jumanne na Alhamisi Mama Khayanga aliendesha mwenyewe, taratibu, akimpeleka mzee hospitali ya misheni kuoshwa kidonda.

Jumapili ya tatu nyumba zote tano zilikutana uani. Nilisoma majina na kilomita kwa sauti ya mtu anayesoma shairi lake. Jina la Mama Khayanga lilikuwa juu, mbali sana na mengine.

"Kumbe gari ni lako, mama," akasema Mwalimu Wekesa. "Sisi tunalioshanga tu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha Hamisi akaomba daftari, akatafuta jina lake, akampa jirani naye atafute lake. Miaka yote hawakuwahi kujua nani analitumia gari zaidi. Sasa walijua.

Mama Khayanga alisema, "Haya."

Jumanne ufunguo ulibaki msumarini. Nilimwona barabarani, mzee amepakiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi, yeye akikimbia kando ameushika ule mguu usiguse tairi. Alhamisi kulinyesha mchana kutwa, hawakwenda. Mwalimu Wekesa alimwendea.

"Mama, ule ulikuwa mzaha. Chukua gari."

"Najua, mwalimu. Lakini hata nyinyi mna shida zenu."

Wiki iliyofuata pia hakuugusa ufunguo. Daftari lilionyesha sifuri mbele ya jina lake. Nilimpigia mhadhiri simu kutoka posta. "Vizuri sana," alisema, "matumizi yanapungua." Nikaandika hivyo.

Siku chache baadaye mzee alilazwa. Wakamkata mguu chini ya goti.

Siku ya kurudi nilikwenda kuaga. Mama Khayanga alikuwa cherehanini na suruali ya mzee, akifupisha mguu mmoja uishie gotini.

"Mama, nilipima vibaya."

"Ulipima sawasawa. Hata kilomita moja hukuniongezea."

Mhadhiri angeandika kwamba mji umefaidi, na karatasi zangu zingemuunga mkono. Mimi nilijifunza, kwa mguu wa mtu mwingine, kwamba nyumba zile tano ziliishi pamoja kwa sababu hazikuhesabiana.

Nikanyanyua begi. Kizingitini nilisita, nikimngoja ajitande leso. Akanyanyuka, lakini leso aliiacha kitini. Nikatoka. Hatua ya tatu nilisikia mlango ukifungwa nyuma yangu, na ule ufunguo ukagonga ubao mara moja, ukatulia.