Neno Moja na Kitenge cha Yadi Sita

Mjukuu wangu ana miaka mitano, na Kiswahili hana. Amezaliwa Kanada, anasema Kiingereza tu. Kila Jumapili nikitoka misa, binti yangu ananipigia simu ya picha. Mimi namtazama mtoto, mtoto ananitazama. Mama yake akienda kukoroga chungu, tunabaki kama kuku wawili wageni.

Mimi niliyevuka hadi Bukavu miaka na miaka kuleta vitenge vya kuuza, nikabishana na kila muntu mpakani, leo nishindwe na mtoto?

Jirani yangu ni mwalimu. Alinikuta shambani nikisimika miti ya kupandishia maharage, nikamweleza shida yangu.

"Maman, chukua neno moja tu la Kiingereza," akasema. "Mti huu ni long, yaani mrefu."

"Na kamba ya mbuzi?"

"Long."

"Na marehemu bwana yangu?"

Akacheka. "Hapana, Maman! Muntu aliyesimama ana neno lake lingine."

"Basi abaki nalo huko aliko. Mimi nataka hili."

Wiki nzima nililitembeza. Barabara ya Nyakarenzo, long. Mvua, long. Nilisema kwa sauti, ndani ya nyumba yenye sahani moja mezani.

Jumapili nikainua mti mbele ya simu. "Long!"

Mtoto akatoa macho. Akakimbia, akarudi na skafu. "Koko, long!" Koko ndiye mimi, bibi yake. Nikaleta kamba ya mbuzi. Akaleta mkanda wa baba yake. Mama yake alikuwa jikoni, na hatukumhitaji.

Nikasema, huyu leo namshinda. Nikatoa sandukuni kitenge changu cha yadi sita, simu nikaiegemeza kwenye kikombe. Ncha moja nikaiacha mbele yake, nyingine nikaivuta hadi nje uani. "Long! Long!" nikapiga kelele mpaka mbuzi akashtuka.

Niliporudi, simu ilikuwa nyeusi. Chaji imeisha. Sijui kama alikiona chote.

Kitenge kama hicho hukunjwa na watu wawili. Zamani binti yangu alishika ncha ile, mimi hii, tukaja tukakutana katikati, yeye akicheka tu. Siku hiyo ncha ile niliifunga kwenye kitasa cha mlango. Kitasa hakiji kukutana nawe. Urefu wote nilitembea mimi.