Kaburi la Dada Kule Rweya

Dada yangu amezikwa rweya. Kwa asiye wa kwetu nieleze: sisi wafu wetu hulala kibanjani, kati ya migomba na mibuni, karibu na mlango, ili anayekwenda kukata ndizi awapitie. Rweya ni nyasi tupu nje ya kibanja. Huko walizikwa wapita njia na waliojinyonga. Mgeni akiniuliza lile kaburi ni la nani, hadi leo mimi hutazama chini kabla sijajibu.

Waliompeleka huko nawajua. Wa kwanza ni baba mdogo. Baba yetu alikufa wakati wa vita, mimi sijaanza shule, na tangu hapo neno la mwisho nyumbani kwetu, karibu na Nshamba, likawa lake. Shule niliachia la nne nikachunge mbuzi wake. Wengine ni wazee wa ukoo, waliokunywa rubisi yake ya ndizi wakaitikia.

Dada alikuwa ameachika, akarudi kwa mama, akawa anakwenda visiwani, kule ziwani, kununua samaki wakavu. Miaka ile ya ugonjwa kila mara tulikuwa msibani, na mwanamke wa visiwani akikohoa tu, watu walishamzika kwa maneno. Kwa hiyo mbwa wa baba mdogo alipomng'ata mguu, pale kwenye jamvi la kuanikia kahawa, alifunga kitambaa, akashusha kitenge. Nikamwambia twende hospitali.

"Nikapange foleni pale wanione?" akasema. "Kesho watatangaza nimekwenda kupimwa. Jino la mbwa tu hili. Acha."

Yule mbwa alikufa wiki ile ile. Baba mdogo akamfukia kwenye shina la mgomba, hakusema kitu.

Kahawa ilikwisha kuuzwa dada alipoanza kuugua. Akiletewa kikombe cha maji, koo linajikaza, mwili wote unatetemeka. Hata upepo wa mlangoni ulimpigisha kelele.

"Mawe, mama yangu wee! Mwanangu anaogopa maji!" mama akalia.

Baba mdogo alisimama nje, hakuingia. "Ule ugonjwa umempanda kichwani," akasema. "Si ndio samaki aliowafuata?" Wanawake waliokuja kumwona mgonjwa wakacheka, wakaziba midomo. Nikawasikia.

Alipokufa, baba mdogo akasema kibanja cha kaka yake hakitapokea aibu ya visiwani. Wazee wakajibu kwa heshima, "Waitu, umesema." Tukachimba rweya.

Udongo wa kaburi haujatulia, mbwa wa pili wa baba mdogo, ambaye yule wa kwanza alikuwa amemng'ata, akanirukia mkono. Safari hii jirani alimwita bwana mifugo. Akamuua mbwa, akamkata kichwa, akakitia kwenye ndoo yenye barafu ya wauza samaki, akanipakia nyuma ya pikipiki mpaka Bukoba nikachomwe sindano. Ndoo niliipakata mimi. Nikapona. Kichwa kilipopimwa wakasema ni kichaa cha mbwa, na hapo ndipo tulipojua kilichomuua dada.

Nilidhani aibu imekwisha. Baba mdogo akaigeuza tu upande. "Basi ni yeye aliyekileta! Mitumbwi ya samaki imejaa mbwa. Wangu wameambukizwa na wa visiwani." Nani angembishia? Wazee wakatikisa vichwa kukubali, dada akabaki rweya.

Kumbe kipande cha ubongo wa mbwa yule kilihifadhiwa. Mwaka uliofuata akaja mtafiti, mwanamke kijana, pamoja na bwana mifugo. Alikuwa amekusanya vichwa vya mbwa kutoka visiwani, Muleba na Bukoba, akasoma vinasaba vya kirusi chao. Ukoo ukakaa kumsikiliza. Alisema kirusi kikitoka mbwa huyu kwenda yule hubadilika kidogo, na alama ya badiliko huendelea kwa wanaofuata, hivyo waliokaribiana hujulikana.

"Kama miziro yetu," mzee mmoja akadakia. "Nitajie mnyama usiyemla, nakutajia ukoo wako."

"Karibu hivyo, mzee. Na huyu wa kwenu siyo wa ukoo wa visiwani. Anafanana na wa mjini, wa Kashai. Aliyemleta simjui, hilo vinasaba havisemi."

Haikuhitajika viseme. Sote tulikuwa tumemwona baba mdogo akishuka kwenye lori na yule mbwa wa kwanza, akijigamba: "Huyu ni wa Kashai, mtoto wa mjini, msimpe matoke baridi!"

Mama alikuwa akimwangalia usoni. Naye baba mdogo akakohoa, akasema, "Basi, tumsamehe marehemu."

"Mumsamehe nini?" nikamuuliza mbele ya wote. Mtafiti akainamisha macho, nami nikaona haya kuwa mtu wa ukoo huo mbele ya mgeni.

Kumfukua hakuna aliyethubutu. Mama akaamua: kama yeye haletwi kibanjani, kibanja kimfuate. Tukahamisha machipukizi ya migomba, mstari kwa mstari, kuelekea kaburini. Mama hayupo tena, nimeendelea peke yangu na samadi na nyasi za kutandaza. Udongo wa rweya ni maskini. Migomba imefika mpaka kichwani kwa dada, lakini ni myembamba, na mpita njia yeyote anaona wazi ni wapi kibanja cha zamani kilikoishia.